Nilibonyeza kitufe chekundu cha redio koli baharini, hakuna aliyejibu. Kile kitufe kinampigia nani?

Mwana_Chole (#1)
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita, naomba wenye ujuzi mnisaidie.

Nina boti ya faiba, injini moja ya nje, navusha mizigo na abiria wachache kati ya Nyamisati, upande wa bara, na Kilindoni, kisiwani Mafia. Siku hiyo tulikuwa watu sita, kusi limeshika. Tukiwa katikati injini ikazima. Tukasafisha plagi, tukabadilisha chujio la mafuta, wapi. Mkondo ukaanza kutuchukua, na kila wimbi likipiga maji yanaingia kwa nyuma. Wawili kazi yao ikawa kufua maji tu, kuyatoa botini.

Redio yangu ni VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ya kufunga kwenye boti, niliinunua mtumba. Ina kile kitufe chekundu chenye kifuniko. Nikafunua, nikakandamiza bila kuachia kama nilivyoelekezwa, ikalia tii, tii, tii, halafu mlio mrefu, skrini ikaandika kwamba inasubiri kujibiwa. Nikasubiri dakika moja, mbili, tatu. Kimya. Nilivyokuwa naiangalia ile skrini huku nyuma yangu mama mmoja anasoma dua kwa sauti, sitasahau.

Tuliokolewa baada ya masaa matatu na wavuvi wa Jibondo. Walituona kwa macho, redio haikuhusika.

Swali langu: kile kitufe kinampigia nani hasa?

Mama_Ngisi (#2)
Poleni sana baba, Mungu ni mwema. Mimi hupanda hizo boti na mizigo yangu kila mwezi na sijawahi kumuuliza nahodha kama ana redio. Nakaa hapa kusoma.

Kijana_wa_Feri (#3)
Mkuu, kile kitufe kinapeleka ishara setilaiti, setilaiti inashusha kwa waokoaji. Pengine siku hiyo mawingu yalikuwa mazito.

FundiAntena (#4)
#3 hapana, usimpoteze mwenzio. Cha setilaiti ni kile kiboya cha EPIRB, kinachorusha kwenye 406 megahezi kwenda mtandao wa setilaiti za uokoaji wa Cospas-Sarsat. Na mawingu hayakizuii.

Kitufe cha VHF ni kitu kingine, kinaitwa DSC. Kinatuma kwenye chaneli 70, yaani 156.525 megahezi, na hakitumi sauti. Kinatuma tarakimu kwa milio miwili, mmoja wa hezi 1300 na mwingine wa 2100, kwa kasi ya biti 1200 kwa sekunde. Wito mzima unamalizika ndani ya takriban nusu sekunde. Ndani yake kuna namba ya utambulisho ya chombo chako, yenye tarakimu tisa, aina ya dharura uliyochagua (moto, kuingiwa na maji, kugongana, kukwama mwambani, kulala upande, kuzama, kuelea bila uwezo, kuhama chombo, maharamia, mtu kuanguka majini), mahali ulipo, na saa ulipokuwa mahali hapo, kwa majira ya dunia. Kila alama hutumwa mara mbili kwa kupishana, kelele ikila moja ya pili inafika.

Kwa hiyo jibu la swali lako: hakimpigii mtu mmoja. Ni mbiu ya mgambo. Redio yoyote yenye DSC iliyo karibu, ya meli au ya kituo cha pwani, inapiga kengele na kuonyesha ujumbe wako kwenye skrini. Halafu wote mnahamia chaneli 16 kuongea kwa mdomo.

Sasa niambie: antena yako ina urefu gani na waya wake una umri gani? Nina hisia zangu.

Likoni_Mwambao (#5)
Kabla ya kufika kwa waya, tazameni ramani. Kutoka hapo alipokuwa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 100. VHF haipindi kufuata mviringo wa dunia, inakwenda hadi upeo wa macho na kidogo zaidi.

Hesabu ya haraka tuliyofundishwa: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 2.2, unapata maili za baharini. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, ujumlishe. Antena ya boti ikiwa mita 2 juu ya maji, ni kama maili 3. Mnara wa mita 100 ni maili 22. Jumla 25, kama kilomita 46. Boti kwa boti, zote za mita 2, ni maili 6 tu. Hata ungekuwa na waya wa dhahabu, usingefika.

Kwa maoni yangu hakuna la zaidi hapa. Ni umbali.

FundiAntena (#6)
Hesabu yako iko sawa, lakini umesahau meli. Meli kubwa antena yake ikiwa mita 30 inakupa maili 12, na zako 3, jumla 15. Ingekuwapo moja ndani ya hapo ingemsikia.

Likoni_Mwambao (#7)
Ingekuwapo. Meli nyingi kubwa hupita nje, mashariki ya Mafia. Kisiwa kizima kiko katikati.

PembaYangu (#8)
Mimi siamini sana hizo hesabu za upeo. Kaskazi likitulia, usiku wa joto bahari imelala kama mafuta, nimewahi kusikia kwenye 16 watu wanaongea ambao kwa hesabu hiyo sikutakiwa kuwasikia kabisa. Asubuhi kimya.

FundiAntena (#9)
Ni kweli, hilo lipo. Hewa ya joto ikilalia juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na maji, mawimbi ya redio yananaswa katikati na kwenda mbali sana. Ila ni bahati, huwezi kuitegemea ukiwa unafua maji. Na kusi likivuma kwa nguvu linaichanganya hewa, hali hiyo inavunjika.

Marikabu_Maskat (#10)
Salaam kutoka Maskati. #1 umesema redio ni mtumba. Ilitoka wapi? Na ile namba ya tarakimu tisa uliiandika wewe au uliikuta?

Nauliza kwa sababu redio isiyo na namba kabisa kwa kawaida inakataa kutuma, inakuambia kwanza uweke namba. Yako ilituma, maana yake namba imo. Ya nani?

Mwana_Chole (#11)
Ahsanteni wote. Redio ilitoka Dubai kwa mtu anayeleta vifaa vya boti. Namba sikuigusa, hata sikujua kama ipo. Kesho nikishuka botini nitaangalia.

Na la pili nikiri hapa: baada ya kama dakika tatu niliizima redio. Betri ilikuwa moja tu, ileile ya kuwashia injini, na nilitaka ibaki na nguvu.

Baharia_Mstaafu (#12)
Mwanangu, hapo kwenye kuzima ndipo moyo wangu ulipokamata.

Ukishabonyeza, redio hairushi mara moja ikaacha. Inarudia yenyewe kila baada ya dakika tatu na nusu hadi nne na nusu, muda huo inaupanga kwa kubahatisha makusudi ili vyombo viwili vilivyo kwenye shida visigongane kila mara. Inaendelea hivyo mpaka mtu aipokee au wewe uikatishe. Ulipozima dakika ya tatu, uliruhusu nusu sekunde moja tu iende hewani. Kama kwenye nusu sekunde hiyo boti ilikuwa ndani ya bonde la wimbi, au mtu mwingine alikuwa anaita kwenye 70, basi hukutuma kitu.

Redio ikiwa inasikiliza tu inakula umeme kidogo. Inaponyonya ni pale inaporusha kwa wati 25, hapo inavuta ampea tano au sita, lakini ni kwa nusu sekunde. Betri yako ingeweza kuvumilia usiku kucha.

Niliingia baharini enzi za afisa redio. Ukutani mwa chumba cha redio kulikuwa na saa ambayo uso wake umepakwa rangi vipande vipande, nyekundu na kijani. Kijani: dakika tatu za kwanza za kila saa na kila nusu saa, ukimya kwenye 2182 kilohezi. Nyekundu: robo saa na robo kasoro, ukimya kwenye 500 kilohezi ya Morse, ile ya nukta na mistari. Dakika tatu hizo dunia nzima ya baharini inanyamaza ili asikike mnyonge mwenye betri dhaifu. Nimekaa mbele ya saa ile usiku mwingi, vipokea sauti masikioni, nasikia maji tu yanavyopiga ubavu wa meli. Mfumo mpya wa dharura na usalama baharini, GMDSS, ulianza kuingizwa tarehe 1 Februari 1992 na ukakamilika tarehe 1 Februari 1999, sikio la mtu likabadilishwa na kisanduku kinachosikiliza chaneli 70 saa zote.

Kisanduku hakichoki, hilo nakubali. Ila kinamsikia aliyewasha redio.

Mama_Ngisi (#13)
Shikamoo mzee. Hiyo ya kunyamaza dakika tatu imenigusa sana.

Baharia_Mstaafu (#14)
Marahaba mama.

Kijana_wa_Feri (#15)
Nimeelewa kosa langu la setilaiti, ahsante fundi. Lakini hivi kuna anayesikiliza 16 siku hizi? Nilisikia chaneli 16 ilifutwa DSC ilipokuja.

Likoni_Mwambao (#16)
Haikufutwa. Ulikuwapo mpango meli ziache kuisikiliza, lakini IMO, shirika la kimataifa la bahari, ikaamua ziendelee, kwa sababu vyombo vidogo vingi duniani havina DSC kabisa. Kwa hiyo usikate tamaa na sauti. Ukishabonyeza nyekundu, shika maiki, sema Meidei mara tatu, jina la chombo mara tatu, uko wapi, una shida gani, mko wangapi. Usiongee kwenye 70, ile ni njia ya tarakimu tu. Mtu akipiga soga humo anaziba mlango wa wote.

#1, uliongea kwenye 16?

Mwana_Chole (#17)
Niliita mara mbili. Sikusikia hata mkwaruzo.

FundiAntena (#18)
"Hata mkwaruzo." Narudi kwenye waya wangu.

Nyanza_Maji (#19)
Salamu kutoka Mwanza. Nawasoma kwa uchungu maana huku ziwani mitumbwi na boti nyingi za uvuvi hazina redio yoyote, mtu anategemea simu yake aliyoifunga kwenye mfuko wa nailoni. Tulipoteza watu na MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, tukapoteza tena na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara, karibu kabisa na nchi kavu. Najua kitufe hakigeuzi chombo kilichokwisha kupinduka. Lakini boti inayoelea bila injini usiku ingepata msaada kama jirani yake angekuwa na kengele ya kulia.

Kwa nini sheria isizilazimishe zote?

Likoni_Mwambao (#20)
Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unazishika meli za abiria na za mizigo za tani 300 kwenda juu zilizo kwenye safari za kimataifa. Boti ya faiba kutoka Nyamisati haimo, ngalawa haimo, mtumbwi wa ziwani haumo. Hao kila nchi inajiwekea kanuni zake. Ndiyo maana nasema hata ndani ya zile maili 6 za #1, pengine palikuwa na vyombo kumi na hakuna kimoja chenye sikio la 70.

PembaYangu (#21)
Hapo umesema kweli tupu. Mashua za kwetu zina nahodha anayejua kila fungu na kila nyota, redio hana. Tangu Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, mama yangu havuki bila kuniuliza "chombo kina redio?" Namjibu kinayo. Sijawahi kuuliza kama inafanya kazi. Kuanzia leo nitauliza.

Marikabu_Maskat (#22)
Inshallah. Na waulize pia nani anajua kuitumia.

Mwana_Chole (#23)
Wakuu nimerudi na majibu.

Namba iliyomo inaanza na 470.

Halafu nimefungua waya wa antena. Pale kwenye kichwa kinachoingia nyuma ya redio palikuwa pazuri tu, panang'aa. Ila kule juu kwenye kitako cha antena, nilipochana ganda la nje kwa kisu, maji yakadondoka. Yakadondoka kweli, matone manne au matano. Zile nyuzi za shaba zilizosukwa zilikuwa nyeusi kama masizi ya sufuria, ukizisugua kwa kidole zinakatika unga unga. Nikaendelea kuchana kurudi chini, hatua mbili nzima bado nyeusi.

FundiAntena (#24)
Nilisema! Shaba ikishakuwa hivyo, wati 25 zinazotoka kwenye redio hazifiki juu, zinaishia njiani kuwa joto. Na kusikia pia husikii, ndiyo ile "hata mkwaruzo". Skrini haiwezi kukuambia, maana redio inajua imetuma tu, haijui kama mtu kapata. Kesi imekwisha.

Marikabu_Maskat (#25)
Fundi, taratibu. 470 ni tarakimu za Falme za Kiarabu. Tarakimu tatu za mwanzo zinataja nchi: Oman 461, Kenya 634, Tanzania 674 au 677. Kwa hiyo redio ya ndugu yetu ilipiga kelele kwa jina la boti ya mtu mwingine kabisa, ya Dubai huko.

Jiweke kwenye nafasi ya afisa zamu aliyepokea. Anaona chombo cha 470 kinasema kiko taabuni. Anatafuta kwenye kumbukumbu, anampigia mmiliki aliyesajiliwa, mmiliki anajibu boti yangu niliiuza, au boti yangu imefungwa hapa gatini naiona. Afisa anaandika kwenye daftari: ishara isiyo ya kweli. Za namna hiyo zinakuja nyingi mno duniani, watoto wanachezea kitufe, fundi anajaribu, mtu anaegemea. Naona inawezekana kabisa ujumbe ulifika na ukawekwa kando.

Na mahali ulipo ilitaja? GPS ilikuwa imeunganishwa?

Mwana_Chole (#26)
GPS ninayo ya mkononi tu. Redio haikuunganishwa na chochote.

Marikabu_Maskat (#27)
Basi ilituma tarakimu 9 mara kumi mfululizo badala ya mahali ulipo, na tarakimu 8 mara nne badala ya saa. Ndivyo DSC inavyosema "sijui niko wapi". Chombo kisichojulikana, cha nchi nyingine, kisichojua kilipo.

Mama_Ngisi (#28)
Jamani. Kwa hiyo watu sita walikuwa wanafua maji, na redio inawatangaza kama watu wa Dubai wasiojua walipo. Nimesoma hii mara tatu.

Baharia_Mstaafu (#29)
Kama huna waya wa kuunganisha GPS, unaandika mahali kwa mkono kwenye menyu na kurekebisha kila baada ya muda. Redio nyingi zitakupigia mlio yakipita masaa manne bila kurekebisha, na ikikaribia siku nzima zinapafuta. Redio za sasa nyingi zina GPS ndani yake, tatizo hili halipo.

Hata hivyo sijashawishika na habari ya afisa zamu. Aliyefunzwa akipokea ishara hata ya namba ngeni, jambo la kwanza anaita kwenye 16. Meli nayo ikipokea haikimbilii kujibu kwa kitufe, inasubiri kituo cha pwani kijibu, maana jibu la kitufe linaizima ishara na kituo kinaweza kukosa marudio. Lakini inasikiliza 16, na ikiona kimya inaita kwa mdomo. Mwana_Chole angesikia mtu anaita.

FundiAntena (#30)
Angesikia kwa waya gani mzee wangu?

Baharia_Mstaafu (#31)
Hapo umenishika. Na redio aliizima pia.

Kijana_wa_Feri (#32)
Swali la pembeni: mimi siku moja nikisafisha niliegemea kile kitufe kwenye redio ya kazini. Nikazima haraka nikanyamaza kwa kuogopa faini. Nilipaswa kufanya nini?

Likoni_Mwambao (#33)
Kuzima ulifanya vyema, kunyamaza hapana. Unaiwasha tena, unakwenda 16, unaita vituo vyote mara tatu, unataja jina la chombo na namba yake, unasema futa ishara yangu ya dharura ya saa fulani. Redio mpya zina hatua ya kufuta kwenye menyu, inatuma ufutaji kwa tarakimu kisha inakuelekeza uongee. Wanaotaka kukulaumu ni wachache. Tatizo ni yule anayenyamaza, watu wanaondoka gatini kumtafuta.

Na kujaribu redio hakufanywi kwa kitufe chekundu. Kuna wito wa majaribio kwenye menyu, au unampigia rafiki mwenye DSC kwa namba yake.

Mwana_Chole (#34)
Wakuu, taarifa ya wiki mbili. Nilikwenda kuulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, habari za leseni ya redio, nimepata namba yangu. Ile ya zamani redio haikukubali kuibadilisha kwa mkono, ilibidi fundi aifute kwa kifaa chake, kumbe nyingi zinakuruhusu kuandika namba mara moja au mbili tu, kisha zinajifunga. Nimeweka waya mpya wa antena, nimepandisha antena juu ya mlingoti mfupi wa bomba, sasa ni mita 4 juu ya maji. GPS imeunganishwa, naona latitudo na longitudo zinahesabu kwenye skrini. Na betri ya pili ya redio peke yake.

Jana rafiki yangu alikwenda nje maili tano, nikampigia kwa namba yake kwenye DSC. Redio yake ililia kama simu, akapokea, tukahamia chaneli 8 tukaongea. Nilifurahi kama mtoto, wallahi.

FundiAntena (#35)
Hongera sana! Mnaona waya?

Likoni_Mwambao (#36)
Unaona urefu? Mita 4 kwa mita 2 ni maili saba na ushee. Kwa antena ya zamani maili tano ungekuwa ukingoni.

Marikabu_Maskat (#37)
Na namba yako mwenyewe sasa. Alhamdulillah.

Baharia_Mstaafu (#38)
Vijana, amebadilisha waya, urefu, namba, GPS na betri kwa mkupuo mmoja. Hakuna kati yenu anayeweza kudai ushindi, na mimi na habari yangu ya kuzima nimo humohumo.

Mwana_Chole (#39)
Mzee, waya wa zamani sijautupa, uko chini ya kitanda. Jumamosi bahari ikiwa shwari naurudisha kwa saa moja, nabaki na kila kitu kingine kipya, nampigia tena rafiki yangu kwanza maili moja, kisha mbili, kisha tano.

FundiAntena (#40)
Usiukate zaidi ya ulivyoukata. Niko Tanga, Ijumaa napanda basi kuja, naleta mita ya kupimia nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Nataka kuiona shaba hiyo kwa macho yangu.

Mama_Ngisi (#41)
Mkitoka Nyamisati asubuhi mniambie, mimi nina ndoo nne za kwenda Kilindoni.